Mjakaranda Uliokatwa Kwenye Mstari

Mume wangu hakuweza kuona uzi unaning'inia akauacha. Amekaa na mgeni barazani, mazungumzo yamekolea, ghafla unamwona anainama, anashika mkono wa shati la mgeni, tik, uzi umeondoka na mkasi mdogo umerudi mfukoni. Watu walizoea. Sheikh mmoja wa msikiti wetu wa zamani alikuwa akimwambia, "Fundi, siku moja utanikata ndevu ukidhani ni uzi." Jina la sheikh huyo ninalo, kama nilivyo na majina ya wote waliowahi kushonewa kwetu, na ya watoto wao, na ya wale watoto waliokufa wadogo ambao hata mama zao hawawataji tena. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Majina ni ya wenyewe, na wengi siwezi tena kuwaendea niwaombe ruhusa.

Nimeanza na uzi kwa sababu ya mti.

Mti wenyewe ni mjakaranda, uko penye lango letu hapa Kabeza. Aliupanda mwaka alipozaliwa binti yetu, tulipokuwa tumetoka tu mjini, kule kwenye nyumba zilizobanana ambako babu zetu sote wawili walifikia. Wazee hao walikuja na bidhaa kutoka upande wa pwani, bidhaa zikaisha, wakabaki na wake. Huku Kabeza kulikuwa na mtama na maharage zaidi ya nyumba. Ndege ikipita chini kwenda uwanjani, kazi zote zilisimama, hata cherehani ilinyamaza, tukatoka nje kuitazama kana kwamba kuna wetu ndani.

Mche aliupata kwa mteja aliyeshindwa kuchukua suruali yake kwa wakati, akaona aibu, akaja na mche. Ulikuwa na urefu wa mkono tu. Mimi nilisema utakufa. Akaupanda, akauwekea uzio wa mabua ya mtama, akasema, "Huu na huyu watakua pamoja, tuone nani atakuwa wa kwanza kunifika begani." Mti ulikuwa wa kwanza.

Na alivyoutunza! Kila kiangazi, mvua ikishakatika na kabla maua hayajatoka, alichagua siku ya kuupunguza matawi. Aliufanyia kama anavyofanyia koti. Kwanza aliuzunguka akiutazama kutoka mbali, mikono nyuma. Kisha alitoa chaki ya kushonea, ile bapa, akachora mstari kulizunguka tawi pale linapotoka kwenye shina. Ndipo akapanda ngazi na msumeno. Alikata hapo hapo kwenye mstari, na mstari aliuchora karibu kabisa na shina, mpaka ukipitisha kiganja huhisi kitu chochote. Pakiwa na kivimbe alikikwangua. Halafu ilikuja nta. Alikuwa na kopo la maziwa lenye nta ya nyuki, ile anayopitishia uzi wa vifungo usikatike. Tuliiyeyusha kwenye jiko la mkaa, akaipaka juu ya jeraha, akalainisha kwa pasi ikiwa vuguvugu. Binti yetu ndiye aliyeshika kopo.

"Baba, mti unaumwa?"

"Hauumwi. Unashonwa tu."

"Mbona hauna sindano?"

"Sindano ni wewe. Simama wima."

Watu wakipita njiani walisimama. Miti ya wengine ilikuwa na vigutu, matawi yamekatwa kwa panga yakaachwa yametokeza kama vidole vilivyovunjika. Wa kwetu ulikuwa laini tangu chini mpaka juu. "Mti wenu umevaa suti," walituambia, na yeye alifurahi kama mtoto. Sote tuliamini hiyo ndiyo kazi nzuri. Mimi pia niliamini. Ungeniuliza, ningekuambia nenda kamwone fundi, ujifunze jinsi mti unavyokatwa.

Binti yetu alikua, akaolewa, akarudi kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto alikuwa hajaanza kutembea, mama yake akashikwa na homa ambayo tulidhani itapita. Haikupita. Sipendi kuyazungusha maneno hayo. Niyaseme hivyo, yatoshe.

Sanda yake aliikata baba yake mwenyewe. Watu walimwambia, Fundi, waachie wengine. Alikataa. Nilikaa ndani na wanawake na nikasikia mkasi wake, nikaujua, kwa sababu mkasi wa kila fundi una sauti yake. Sanda haina mshono wala upindo. Unakata kitambaa pale kinapoishia, basi, kwa sababu anayeivaa hataongezeka. Walipomtoa, jeneza lilipita chini ya mjakaranda, na lile tawi la chini linalovuka lango liliwafanya wabebaji wainame. Kwenye tawi hilo alikuwa akitundika mkoba wake wa shule.

Kiangazi kilichofuata mume wangu alipanda ngazi kama kawaida. Nilidhani hataweza. Akakata tawi kubwa la upande wa barabara, akalikata karibu zaidi kuliko miaka yote, akalisugua kwa msasa. Nta niliyeyusha mimi. Na mjukuu alipopata nguvu za kushika kopo, akawa yeye sasa ndiye anayelishika, akisimama palepale aliposimama mama yake.

Mjukuu huyo tulimlea chini ya meza ya kukatia nguo. Alichezea vipande, akalala juu ya vipande. Lakini cherehani hakuipenda, alipenda udongo. Leo anafanya kazi kule Masaka kwenye pepinyeri, kitalu cha miche, na siku nyingine huitwa Kagugu kutunza miti ya nyumba mpya, zile zenye kuta ndefu. Wanaume wa kazi hiyo walimcheka mwanzoni, mwanamke na msumeno, sasa wanampigia simu kumwuliza.

Na mume wangu alizeeka. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Alipasuliwa moja, likapata mwanga kidogo na kupoteza tena. Kushona kukaisha. Kupanda ngazi kukaisha. Alibaki na vidole. Akikusalimu alishika mkono wako muda mrefu kuliko salamu, ukadhani ni upendo, kumbe anatafuta uzi kwenye kiwiko.

Kiangazi cha mwaka juzi, mchana kweupe, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, tawi la upande wa jirani lilidondoka lenyewe. Liliangukia ukuta, likavunja matofali ya juu, ncha ikakwangua bati lake.

Jirani alikuja. Ni mtu mpole, amekulia Uganda, Kiswahili chake ni cha barabarani na hakioni aibu, na mimi huniita mukecuru, yaani bibi kizee.

"Mukecuru, shikamoo. Mimi mti wako naupenda, Mungu ananiona. Nyumba hii niliinunua kwa sababu ya yale maua. Lakini ile tawi, kama ingekuwa ile kubwa... iko juu ya chumba ya watoto."

Nilimwambia naelewa. Na kweli nilielewa.

"Kuna vijana wanakata. Wanatoa kichwa yote, inabaki nguzo tu. Asubuhi moja wamemaliza."

Mume wangu akasikia kutoka barazani. "Nani ametolewa kichwa akapona?"

"Muzee, si kichwa yako!"

"Changu hakina faida, wakichukue. Mti usiguswe mpaka mjukuu wangu aje."

Jirani alicheka, akakubali, lakini kabla ya kutoka alinishika mkono akasema taratibu, "Kabla ya mvua, mukecuru. Watoto yangu wanalala pale." Nikamwahidi.

Mjukuu alikuja kwa pikipiki kutoka Masaka, msumeno ameufunga ndani ya kitenge kama mtoto mgongoni.

"Karibu mke wangu mdogo," babu yake alimwambia, utani wao wa siku zote. "Umeniletea nini?"

"Mume gani anayeuliza ameletewa nini? Wewe umeninunulia nini?"

Akambusu mkono, kisha akaenda kwenye mti. Nilimfuata. Aliugonga kwa mpini wa panga, akaweka sikio, akagonga tena mahali pengine. Upande mmoja uliitika kama mlango, upande mwingine kama ngoma. Akafika kwenye kovu moja la zamani, lile laini, akaingiza ukucha chini ya nta. Nta ikatoka kipande kizima. Nyuma yake yalichuruzika maji meusi. Alichukua njiti ya gurudumu la baiskeli aliyokuja nayo akaisukuma ndani ya kovu, ikaingia, ikaingia, mpaka nikamwambia basi.

Akanipeleka jikoni, akafunga mlango.

"Bibi, ni haya makovu."

"Makovu gani? Hayo ndiyo mazuri."

Alinishika mkono, akanionyesha mikunjo ya ngozi pale kidole gumba kinapoungana na kiganja. "Tawi likitoka kwenye shina linakuwa na mahali pamevimba hivi, pana mikunjo kama hii. Hapo si tawi. Hapo ni mti. Ukikata nje ya hapo, mti wenyewe unakuja pole pole unafunika jeraha, kama mdomo unavyofunga. Ukikiondoa kile kivimbe, umeondoa kile ambacho mti ungefungia jeraha. Unabaki wazi maisha."

"Na nta?"

"Nta inazuia tu tusione. Chini yake maji yanakaa, na kuoza kunaendelea." Kisha akasema, "Nani aliyeka..." na hakumaliza, kwa sababu alikuwa anajua. Kopo alilishika yeye.

Yeye akalia kidogo, si kwa sauti. Mimi sikulia, nilikuwa naangalia mlango. Mume wangu alikuwa amebakiwa na nini cha binti yake? Picha hazioni. Nguo zake tulizigawa. Alikuwa na mti, na alikuwa na hakika kwamba mti huo, kwa mikono yake, hakuukosea. Kila mtu aliyepita pale alimwambia hivyo.

"Hatumwambii," nilisema.

"Atauliza, Bibi."

"Tutamwambia ni mchwa."

Aliuliza wakati wa chai, hata kikombe hajakigusa. "Haya, daktari. Anaumwa nini?"

"Mchwa, Babu."

"Mchwa wa wapi? Majivu naweka kila Ijumaa." Akanigeukia mimi. "Mama, kweli ni mchwa?"

"Mimi nitajua wapi? Anayejua amesema."

Basi akaanza vita na mchwa. Siku zote mpaka mjukuu aliporudi na vifaa vyake, mzee alitoka asubuhi na ndoo ya majivu, anapapasa ukuta mpaka kwenye mti, anamwaga, anazunguka, anamwaga. Alipiga shina kwa fimbo yake. "Tokeni! Nyumba hii ina mwenyewe!" Jirani alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa tu. Kanzu yake ilijaa majivu mpaka magotini. Niliifua, nikaianika.

Siku ya kukata ilikuwa Jumapili asubuhi. Jirani alikuja kushika kamba. Mume wangu alikaa kwenye kigoda penye lango, sikio limeelekea juu.

Mjukuu alianza na matawi yaliyokufa, kisha yaliyokuwa yakisuguana. Hakuchukua mengi. Jirani alimwambia ongeza, ongeza, akamjibu kutoka juu, "Mti unakula kwa majani. Nikitoa yote utakula nini?" Lilipofika tawi kubwa la juu ya bati, hakulikata pale linapotoka. Alisogea mbali kidogo na shina, akakata kwanza kwa chini, si mpaka mwisho, kisha akakata kwa juu mbele zaidi ya pale, tawi likavunjika lenyewe, likashuka kwa kamba bila kuchana gome. Hapo ndipo alipokikata kipande kilichobaki, karibu na ule mkunjo, nje yake.

"Msumeno wake una meno mazuri," mume wangu aliniambia. "Sikia unavyokula."

Likabaki lile tawi la chini, la langoni. Nusu yake ilikuwa imekauka, na mjukuu alisema likiachwa litapeleka uozo chini. Mume wangu aliposikia hivyo alisimama.

"Hilo nachora mimi."

Hakuna aliyemzuia. Alitoa chaki mfukoni. Miaka yote hiyo hajashona, bado chaki ilikuwa mfukoni. Alifika kwenye shina, akateremsha mkono wa kushoto mpaka kwenye tawi, akapapasa, na mkono wa kulia ukachora. Mstari ulizunguka tawi na ukakutana na mwanzo wake bila kukosea hata kidogo. Ulikuwa umegusana na shina.

Mjukuu alisimama na msumeno. Nikamwona anatazama mstari, ananitazama mimi. Akikata hapo, anafungua shimo lingine, kwa mkono wake, akijua. Asipokata hapo, atasema nini?

"Babu, nitakata nje kidogo ya mstari."

"Nje? Kwa nini, haukunyooka?"

"Umenyooka."

"Basi kata."

Jirani akajaribu kusaidia. "Muzee, leo fundi ni yeye. Mwachie."

"Simkatazi. Ninamwuliza, fundi kwa fundi. Ukikata nje ya mstari, unaacha nini?"

Na yule mtoto, aliyelelewa chini ya meza ya kukatia nguo, akajibu kabla hajafikiri, kama alivyojibu alipokuwa mdogo anafundishwa:

"Naacha nafasi ya mshono, Babu."

Nilitamani kulirudisha neno lile mdomoni mwake. Mume wangu alirudisha vidole kwenye tawi, akavipeleka taratibu mbele na nyuma pale linapoungana na shina, kama anatafuta kasoro kwenye bega la koti.

"Hapa pamevimba."

"Ndiyo."

"Pana mikunjo."

"Ndiyo, Babu. Hiyo ni ya mti. Ndiyo inayokuja kufunika."

"Mimi hapa nilikuwa nakwangua."

Mjukuu akainamisha kichwa. Mzee akavuta mkono wa kanzu, akafuta mstari wake wote, akachora mwingine nje ya ule mkunjo. Mkono ulikuwa unatetemeka sasa, mstari ukatoka umepinda. Kisha akaniambia, "Nipeleke kwa yale mengine."

"Umechoka. Kaa kwanza."

"Mama. Nipeleke."

Nilimshika kiwiko, tukauzunguka mti. Alifika kovu kwa kovu, yale ya chini anayoweza kuyafikia. Aliweka kidole pembeni, akitafuta mkunjo. Haukuwepo. Lingine, haukuwepo. Nta ilikuwa ikidondoka mikononi mwake vipande vipande. Tulipofika kwenye kovu la upande wa barabara, lile la mwaka ule aliotutoka binti yetu, kidole chake kilizama. Alikiacha humo. Nilihesabu pumzi zake nikaacha.

"Hakuna mchwa," alisema.

Jirani alikuwa anaikunja kamba ambayo alikuwa ameshaikunja.

"Maisha yangu yote sijakata nguo kwenye mstari. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hakati kwenye mstari. Unaacha, nguo ipate pa kushonewa. Ya mtoto unaacha zaidi, kwa sababu atakua."

"Babu, ulikuwa hujui. Watu wengi hawajui."

"Nguo nilijua."

Mjukuu alilikata lile tawi kwenye mstari wake wa pili, uliopinda. Alipomaliza mzee akauliza, "Hupaki kitu?"

"Hapana."

"Unaliacha hivi hivi, wazi?"

"Hivi hivi. Mvua zikija, mti ukipata nguvu, utaona pembeni panaanza kuinuka kama upindo. Inachukua muda, Babu. Mwaka, au zaidi."

"Nitagusa," alisema. "Kuona siwezi."

Kopo la nta alilitafuta mwenyewe kabatini, akalipeleka kwenye taka. Majivu hakumwaga tena. Lakini kila asubuhi baada ya sala alitoka, akashika ukuta, akafika pale langoni, akaweka kidole kwenye jeraha jipya. Kwa makovu mengine hakwenda tena. Nikiwa nafagia aliniuliza, "Imeanza?" Nami nilikwenda kutazama kwa macho yangu ambayo nayo si mazima, nikamwambia bado. Siku moja nilitaka kumdanganya, nimwambie imeanza, lakini nilikumbuka mchwa, nikashindwa. Nilisema bado.

Wageni waliendelea kuja. Sheikh wetu wa zamani, naye amezeeka, alikuja na kanzu iliyofumuka begani, uzi mrefu unacheza kila anapotikisa mkono. Mume wangu alimsalimu, akamshika, kidole kikaugusa uzi. Nilisubiri. Aliuachia. Sheikh akaniangalia. Baadaye nikiwa namsindikiza aliniuliza kama mwenzangu anaumwa.

Mvua za vuli zilikuja na kifua. Mume wangu akalala siku chache, hakulalamika. Asubuhi moja aliniuliza kama kawaida, safari hii kutoka kitandani, na sauti haikutoka vizuri. Nilijua tu kwa mdomo alichouliza. Nikatoka nje kwenye mvua, nikaangalia vizuri, nikarudi. "Bado," nilimwambia, "lakini pamekauka vizuri, pasafi." Akafumba macho kama mtu aliyejibiwa. Hakufika Ijumaa.

Sanda yake ilikatwa na kijana wa msikitini, fundi mzuri, jina lake ninalo na ninamwombea. Lakini mkasi ule sikuujua. Walipomtoa, wabebaji walipita langoni wima. Hapakuwa na tawi la kuwainamisha.

Siku hizi nikipita barabarani naangalia miti ya watu. Naona iliyotolewa vichwa, ikaota machipukizi mengi mengi juu kama ufagio, na machipukizi hayo hayana mshiko, upepo kidogo yako chini. Naona vigutu. Naona pia, mara moja moja, mti uliokatwa laini kama wetu, umepakwa rangi au lami, na mwenye nyumba amesimama pembeni anausifu. Huyo ndiye ninayesimama naye. Namwambia, mwanangu, tafuta pale palipovimba, ukate nje yake, na usipake kitu. Wengine wananisikiliza. Wengine wanasema, sawa mukecuru, wakisubiri nipite.

Mjakaranda bado upo. Mjukuu anakuja kila kiangazi kuugonga na kusikiliza. Anasema una miaka, ila si mingi. Ile sauti ya ngoma inapanda juu, na siku itakapofika juu kabisa ataushusha yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, asiuachie mtu. Jirani amekubali kungoja. Watoto wake amewahamishia chumba cha upande wa pili bila kuniambia. Niliona pazia limebadilika.

Mvua za masika mwaka huu zilipokwisha nilikwenda langoni kufagia. Niliweka kidole pale kama ninavyofanya, kwa mazoea tu. Pembeni pameinuka. Ni kamba nyembamba ya gome jipya, laini, imezunguka jeraha pande zote, na pale mstari wake ulipopinda kwa kutetemeka, nayo imepinda. Nilisimama na ufagio. Nikageuka kuelekea barazani niseme, nikiwa nimeshafungua mdomo.

Jirani alikuwa anatoa gari. "Mukecuru, kuna shida?"

"Hapana," nilimwambia. "Imeanza."

Hakuelewa, akasema vizuri, vizuri, akaenda zake. Nikamaliza kufagia.